Julius Nyerere na masomo ya redio: historia yenye faida kwa Kibua

Munamo mwaka wa 2020, Corona ilipofunga masomo inchini Kongo, Radio Okapi ilianza kuwafundisha watoto kupitia mawimbi yake. Wazazi wengi wa Kivu ya Kaskazini waliona hilo kuwa jambo jipya. Lakini ngambo ya Ziwa Tanganyika, mwalimu mmoja aliyekuwa raisi alikwisha kutumia njia hiyo tangu zamani, tena kwa watu wazima. Ni Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa mwezi wa Aprili 1922 huko Butiama, karibu na Ziwa Victoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Kijana alichunga mifugo kwanza, akaanza masomo ya msingi mjini Musoma alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi. Toka hapo alienda Tabora, kisha Makerere huko Uganda, ambako alipata cheti cha ualimu. Mwaka wa 1952 alimaliza masomo ya juu kule Edinburgh, Uskoti, akarudi kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Jina la Mwalimu lilibaki naye hadi kifo.

Alianzisha chama cha TANU tarehe 7 Julai 1954, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya darasani kwa ajili ya siasa. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Lakini watu wazima wengi hawakujua kusoma. Mwaka wa 1967, karibu thuluthi mbili yao walikuwa katika hali hiyo. Nyerere aliona kwamba inchi haiwezi kungojea watoto wakomae. Alitangaza mwaka wa 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima.

Walimu walikuwa wachache na vijiji vilikuwa mbali. Ndipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipochanganya vitu vitatu: redio, kitabu chepesi, na kikundi cha majirani chenye kiongozi aliyefunzwa. Leo wataalamu wanaita mpangilio wa namna hiyo masomo ya mseto. Walianza kwa majaribio madogo, wakaona makosa, wakasahihisha, kisha wakapanua.

Mwaka wa 1973 ukaja mpango wa Mtu ni Afya. Kwa muda wa majuma 12, vikundi vilikutana kusikiliza redio kuhusu malaria, kuhara, kichocho na magonjwa mengine. Viongozi wa vikundi karibu 75,000 walifunzwa, na watu karibu milioni 2 walishiriki. Kipindi kilipokwisha, mtu mmoja alisoma kitabu kwa sauti ili hata wasiojua herufi wafuate. Halafu walijadiliana: ugonjwa huu upo kwetu? Tunaweza kufanya nini? Mwishoni walikata shauri la kazi: kuchimba choo, kufyeka majani kando ya nyumba, kuondoa maji yaliyotuama.

Mtu aliyekubali mbele ya majirani zake kuchimba choo aliona haya kutokuchimba. Tena aliona mwenzake amekwisha kuanza. Redio ilileta habari, lakini kikundi ndicho kilichobadilisha desturi.

Mwaka huohuo wa 1973, serkali ya Nyerere iliamuru wakaaji wote wa mashambani wahamie katika vijiji vya ujamaa kabla ya mwisho wa 1976. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu, na mahali pengine nyumba zao zilichomwa. Kilimo kiliumia, na baadaye mpango huo uliachwa. Kwa hiyo raisi yuleyule alipata mavuno mawili tofauti. Pale watu walipojadiliana na kuamua wenyewe, vyoo vilichimbwa. Pale walipoamriwa, walihama kwa woga.

Nyerere aliacha uraisi mwaka wa 1985. Katika miaka hiyo, takwimu za serkali zilionyesha kwamba watu wazima karibu 9 kwa 10 walijua kusoma. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Historia hiyo inagusa Kibua, mahali ambapo Masisi na Walikale zinakaribiana. Vita vinapokimbiza familia, mtoto anapoteza darasa, na mara nyingi mwaka mzima wa masomo. Redio ao simu yenye masomo ndani inaweza kumfuata kule alikokimbilia. Lakini chombo kikiletwa bila mwalimu kufunzwa, na bila wazazi kuulizwa, kitaishia kabatini, ao kitasikilizwa kwa muziki tu. Mwalimu anayeogopa kwamba mashini itachukua nafasi yake hatakitumia hata akiamriwa.

Njia ya Mtu ni Afya haidai pesa nyingi. Masomo mawili ao matatu yaanze kwanza. Mwalimu afunzwe awe kiongozi wa kikundi. Komite ya wazazi ipange saa na nyumba ya kusikilizia. Kila kipindi kiishe na kazi moja ambayo mtoto anaweza kuimaliza kabla ya juma lingine. Wakiona kosa, walisahihishe mbele ya kupeleka mpango huo kwenye kijiji cha pili.