Robert Noble: Alitafuta dawa ya kisukari kwenye ua, akakutana na dawa ya saratani ya damu

Ua lenyewe unalijua. Ni lile dogo la petali tano, la waridi au jeupe, linaloota kwenye vyungu na pembeni mwa nyumba nyingi, jua kali halilitishi. Asili yake ni Madagaska.

Mwaka 1952, majani yake 25 yalifika Kanada ndani ya bahasha kutoka Jamaika. Aliyetumiwa ni Dk. Clark Noble, mmoja wa vijana waliofanya kazi kwenye maabara ya insulini kule Toronto miaka ya 1920. Aliambiwa kwamba Wajamaika wakikosa insulini huchemsha majani hayo na kunywa kama chai. Clark alikuwa ameshastaafu, akampa mdogo wake Robert.

Robert Laing Noble, aliyezaliwa Toronto mwaka 1910, alikuwa mtafiti wa homoni katika Chuo Kikuu cha Western Ontario. Akawapa panya dawa ya majani hayo. Sukari haikushuka. Alipowachoma sindano, panya wakaanza kufa kwa maambukizi.

Mwingine angetupa majani na kusonga mbele. Noble akapima damu: chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili, zilikuwa zimeporomoka, na uboho unaozitengeneza umeharibika.

Hapo hesabu ikageuka. Saratani ya damu mara nyingi ni chembe nyeupe zinazozaliana ovyo. Je, kinachoziua kwa panya mzima, kingefanya nini kwa mgonjwa anayezidiwa nazo?

Mwaka 1954 akaungana naye mkemia Mwingereza, Charles Beer. Kazi ilichosha, maana gramu moja tu ya dawa hudai mamia ya kilo za majani makavu. Mwaka 1958 wakatangaza vinblastini. Kumbe kampuni ya Eli Lilly ya Marekani nayo ilikuwa inachunguza ua hilohilo, nayo ikianzia kwenye kisukari! Kwenye maabara zake ikapatikana dawa ndugu, vinkristini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1963.

Zinauaje? Seli ikitaka kugawanyika hujenga nyuzi nyembamba za kuvuta vinasaba, nusu huku, nusu kule. Dawa hizi hung'ang'ania vipande vinavyojenga nyuzi hizo, ujenzi unasimama. Seli inakwama katikati, haiendi mbele wala hairudi nyuma, mwishowe inawasha mtambo wake wa ndani wa kujiua. Seli za saratani hugawanyika sana, ndiyo maana huumia zaidi. Ila uboho, nywele na mishipa ya fahamu navyo huguswa, kwa hiyo dozi hupimwa kwa makini na dawa hupitishwa kwenye mshipa wa damu tu. Kuchemsha maua ya uani ukanywa si tiba, ni kujitafutia balaa.

Miaka ya 1950, karibu kila mtoto aliyepata saratani kali ya damu alikufa. Leo, kwa mchanganyiko wa dawa ambamo vinkristini imo, nchi tajiri huponya takriban 9 kati ya 10 wenye aina inayowapata watoto zaidi. Kampala pia iliitumia kwa watoto wenye limfoma ya Burkitt tangu miaka ya 1960.

Mwaka 1960 Noble alihamia Vancouver, akaongoza kituo cha utafiti wa saratani hadi 1975. Alifariki mwaka 1990. Miaka saba baadaye yeye na Beer waliingizwa kwenye orodha ya heshima ya tiba ya Kanada. Wajamaika waliokunywa chai ile hawamo.