Mama Katharina Luther (1499–1552): Mama wa Nyumba Iliyojaa Watu

Katika historia ya sharika zetu, majina ya wachungaji na wazee wa Kanisa huandikwa kwa uangalifu, lakini majina ya waliowapikia na kuwapokea wageni wao husahaulika upesi. Kati ya kina mama hao, wa kwanza kukumbukwa na kila Mlutheri ni Katharina von Bora, mke wa Dkt. Martin Luther.

Katharina alizaliwa mwaka 1499 katika nchi ya Saksonia, Ujerumani, kwenye ukoo wa kiungwana uliopungukiwa mali. Mama yake alifariki mapema, naye akapelekwa kulelewa na watawa akiwa bado mtoto mdogo. Mwaka 1515 aliweka nadhiri katika monasteri ya Nimbschen. Mafundisho ya Luther yalipopenya kuta za monasteri, yeye na wenzake waliomba msaada wa kutoka. Usiku wa Pasaka mwaka 1523, Leonhard Koppe, mfanyabiashara wa Torgau, aliwatorosha kwa gari lake la farasi, na tisa kati yao wakafikishwa Wittenberg.

Alipotafutiwa mume asiyempenda, Katharina alikataa waziwazi. Alimjulisha Nikolaus von Amsdorf, rafiki wa Luther, kwamba angekubali kuolewa na Amsdorf huyo au na Luther mwenyewe. Ndoa ilifungwa tarehe 13 Juni 1525, bwana harusi akiwa na umri wa miaka 41 na bibi harusi miaka 26. Luther alikiri baadaye kwamba kabla ya siku hiyo kitanda chake kilikuwa kimekaa mwaka mzima bila kutandikwa.

Makao yao yalikuwa jengo kubwa lililokuwa monasteri, na Mama Katharina aliligeuza kuwa nyumba yenye uhai. Aliamka alfajiri, akalima bustani, akafuga nguruwe na samaki, na akatengeneza bia, kinywaji cha kila siku cha watu wa nchi ile. Alijaliwa watoto sita, akalea na yatima wa ndugu, na kupangisha wanafunzi vyumba. Tauni ilipoingia mjini mwaka 1527, nyumba hiyo iliwapokea wagonjwa. Fedha zilikaa mikononi mwake, kwa kuwa mumewe alikuwa mwepisi wa kugawa hata kisichokuwapo.

Wengi walikaa mezani pake, na maongezi ya hapo yaliandikwa na wanafunzi. Mama Katharina hakuishia kupakua chakula. Alichangia hoja, akauliza, akatania na kutaniwa. Luther alimwita kwa mzaha kwa cheo cha bwana, na katika barua alimtungia vyeo vya kuchekesha. Husimuliwa pia kwamba siku moja, mumewe alipozama katika huzuni, Mama Katharina alivaa nguo nyeusi za msiba. Alipoulizwa nani amefariki, alijibu kwamba bila shaka ni Mungu, kwa jinsi mumewe alivyokata tamaa. Ndipo Luther akajirudi.

Furaha hiyo haikutokana na kukosa majonzi. Elisabeth alifariki mwaka 1528 kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na Magdalena alifariki mwaka 1542 akiwa na miaka 13. Pamoja na machozi hayo, mlango wa nyumba haukufungwa.

Jaribu kubwa lilikuja Luther alipofariki tarehe 18 Februari 1546. Katika wosia wake alikuwa amemwachia mkewe mali na malezi ya watoto, kinyume cha desturi za sheria za Saksonia. Wakuu waliupinga wosia huo. Mtawala wa nchi aliukubali, lakini watoto waliwekewa wasimamizi. Kisha vita vikazuka. Mjane huyo alikimbia na watoto, na aliporudi alikuta mashamba yameharibiwa na mifugo imetoweka. Aliyewalisha wengi sasa alilazimika kukopa, na kumwandikia mfalme wa Denmark kuomba msaada. Hata hivyo aliirudia kazi yake ya kupokea wapangaji na kuwapikia.

Mwaka 1552 tauni ilimlazimu kuondoka tena Wittenberg. Karibu na Torgau farasi walishtuka, naye akaanguka na kuumia vibaya. Alifariki mjini humo tarehe 20 Desemba 1552, akazikwa katika Kanisa la Mtakatifu Maria.

Maisha ya Mama Katharina yanawapa washarika sababu ya kushukuru, na deni pia. Kanisa lilikula na kucheka mezani pake kwa miaka 20, lakini alipobaki mjane wachache walikumbuka kubisha hodi kwake. Usharika unaosherehekea miaka 100 unao kina mama wa namna yake, na baadhi yao leo ni wajane. Shukrani inayowafaa ni kutembelewa, na haki yao kulindwa, wakiwa bado hai.