Hans Berger, munganga aliyeandika umeme wa ubongo

Hapa Katindo, mutu akikaa siku nyingi bila kusema wala kula vizuri, majirani husema ana mawazo mengi. Wengine wanasema amelogwa. Wanganga wanasema ni ugonjwa, depresio, na leo wanaweza kuona ubongo wa mugonjwa ukifanya kazi. Mmoja wa waliofungua njia hiyo ni Mjerumani Hans Berger.

Berger alizaliwa mwaka 1873 karibu na muji wa Coburg. Alitaka kusoma mambo ya nyota. Lakini mwaka 1892, akiwa jeshini, alianguka toka juu ya farasi na kukoswa kidogo na gurudumu la mzinga. Siku ile ile dada yake, aliyekuwa mbali, alihisi kuna hatari, na baba yao akatuma telegramu. Berger akaanza kujiuliza: wazo linatokaje kichwani? Njo maana aliacha nyota, akasomea unganga.

Aliingia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Jena mwaka 1897, na mwaka 1919 akawa mkubwa wake. Utafiti wake aliufanya kimya-kimya, hata kwa mtoto wake mwenyewe. Mwaka 1924 alifaulu kuandika umeme wa ubongo wa mutu aliye hai. Aliona mawimbi kama 10 kwa sekunde, yanayopungua mutu akifungua macho. Alitangaza kazi hiyo mwaka 1929, lakini wengi hawakuamini mpaka Waingereza walipoihakikisha mwaka 1934.

Kuna upande mubaya pia. Wakati wa utawala wa Hitler, Berger alikaa kwenye mahakama zilizoamua wagonjwa gani wazuiwe kuzaa. Yeye mwenyewe alikuwa na huzuni nzito. Alistaafu mwaka 1938, na mwaka 1941 alijiua.

Kazi yake iliendelezwa na wengine. Mutu mwenye depresio, ubongo wake unashika mabaya na kuacha mazuri yapite. Mwaka 2017, watafiti wa Tulsa, Marekani, waliwalaza wagonjwa ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo. Mugonjwa alikumbuka mambo mazuri ya maisha yake, huku akiona kwenye kioo kama amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayohusika na hisia, inaamka. Kati ya wagonjwa 19 waliojifunza hivyo, 12 dalili zao zilipungua zaidi ya nusu. Kwa 17 waliofundishwa sehemu nyingine ya ubongo, ni 2 tu.

Mashine hiyo ni ya bei kali. Lakini hapa Goma, kituo Tulizo Letu cha Mabruda wa Karita kinapokea wagonjwa wa akili. Berger alijua ubongo kuliko wengi, na bado ugonjwa ulimushinda. Kwa hiyo ndugu, kama mutu wa nyumbani kwako ana mawazo mengi, usimuambie ajikaze tu. Kaa naye, umusikilize, kisha mpeleke kwa munganga.