Mama Brazier: Kutoka kuchunga nguruwe hadi mgahawa wenye jina Ufaransa

WAFANYABIASHARA wengi wadogo huona chumba kidogo na mtaji mdogo kuwa kikwazo. Eugénie Brazier wa Ufaransa alianza na vyote viwili, lakini mgahawa wake wa mtaani ukaja kuwa miongoni mwa migahawa yenye sifa kubwa nchini humo.

Brazier alizaliwa Juni 12, 1895 katika kijiji cha La Tranclière, mashariki mwa Ufaransa, katika familia ya wakulima. Alipofika umri wa miaka mitano tayari alikuwa akichunga nguruwe. Shuleni alikwenda wakati wa baridi tu, kazi za shamba zinapopungua. Mama yake alifariki dunia yeye akiwa na miaka 10, ndipo akaanza kufanya kazi katika mashamba ya watu.

Mwaka 1914 alijifungua mtoto wa kiume, Gaston, akiwa hajaolewa. Baba yake akamfukuza nyumbani. Ikabidi mtoto aachwe kwa mlezi, naye akaenda jijini Lyon kufanya kazi za ndani kwa familia iliyokuwa na kiwanda cha tambi. Humo ndimo alimoanza kazi ya upishi.

Katika jiji hilo walikuwapo wanawake wenye migahawa midogo ya mitaani, na kila mmoja aliitwa Mama. Wengi wao walikuwa wapishi wa majumbani waliojiajiri. Brazier alifanya kazi kwa mmoja wao, Mama Fillioux, aliyekuwa na vyakula vichache visivyobadilika, lakini akivipika kwa ustadi mkubwa.

Aprili 1921, kwa mtaji wa faranga 12,000, Brazier alichukua lililokuwa duka la vyakula katika nyumba namba 12, mtaa wa Rue Royale, akalifanya mgahawa wa nafasi 15 tu. Naye akafuata njia ya vyakula vichache. Wateja waliambizana, na hata Meya wa jiji, Édouard Herriot, akawa mteja wake.

Siri yake kubwa ilikuwa ni kuchagua mali kabla ya kuiweka jikoni. Kuku alichukua wa Bresse, eneo la karibu na kwao. Hawa ni kuku weupe wenye miguu ya bluu, wanaofugwa huria kwenye majani na kulishwa mahindi na maziwa. Chakula chake maarufu kilikuwa ni kuku huyo aliyepachikwa chini ya ngozi vipande vya uyoga mweusi ghali unaoota ardhini. Alikuwa mgumu kuridhika kiasi kwamba aliyemuuzia kuku alitania kuwa hatimaye atalazimika kuwasafisha kucha kuku hao kabla ya kumpelekea. Wafugaji nao walifaidi. Mwaka 1957 sheria ilipitishwa kulinda jina la kuku wa Bresse, na hadi leo huuzwa kwa bei ya juu kuliko kuku wa kawaida.

Kazi nyingi zilimchosha, akahitaji kupumzika. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alihamia kwenye kibanda cha mbao huko Col de la Luère, mlimani nje ya jiji, kusikokuwa na umeme wala gesi. Wateja wakamfuata hukohuko, na huo ukawa mgahawa wa pili. Kijana Paul Bocuse, aliyekuja kuwa mpishi mashuhuri duniani, alijifunza kazi hapo kuanzia mwaka 1946. Pamoja na kupika, alikamua ng'ombe na kupalilia bustani ya mboga.

Mwaka 1933, kitabu cha migahawa cha kampuni ya matairi ya Michelin kiliipa kila mgahawa wake nyota tatu, daraja la juu kabisa. Brazier akawa mtu wa kwanza kuwa na nyota sita.

Alifariki dunia Machi 2, 1977. Mgahawa wa Rue Royale ulifunguliwa upya mwaka 2008 na mpishi Mathieu Viannay, ukiwa na jina lilelile la Mama Brazier.

Somo kwa mjasiriamali ni kuwa ukubwa wa chumba si hoja. Uza vitu vichache unavyovimudu, mjue mkulima anayekuletea mali, na usipokee mali mbovu hata siku moja.