Habib Swaleh na matwari ya watoto wa wanyonge

Yeyote aendaye Lamu kwa barabara hana budi kushukia Mokowe. Hapo bara hukoma, na msafiri huingia mashuani kuvuka mkono wa bahari hadi kisiwani. Ufikapo mwezi wa Mfungo Sita, gati hilo huelemewa na umati: wazee wenye kanzu na kofia za kushonwa, akina mama na mizigo yao, na vijana waliobeba matwari yaliyofungwa kwa nguo ili unyevu wa bahari usilegeze ngozi zake. Wote hao waenda Maulidini, katika msikiti wa Riyadha. Nao watoto wa Mokowe wenyewe, ambao baba zao ni wavuvi, wachukuzi na wakulima wa vishamba vidogo, wengi wao hubaki gatini wakiwatazama wageni. Nauli ya kuvuka na kurudi ni mzigo kwa wazazi wao, seuze ada ya mwalimu wa kuwafunza twari au nai.

Ajabu ya jambo hili ni kwamba mtu ambaye kwa jina lake umati huo hukusanyika aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwafungulia mlango watoto wa namna hiyo hiyo.

Habib Swaleh bin Alwi Jamalilail alizaliwa katika kisiwa cha Ngazija, kwenye karne ya 19, katika ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut, ambao kabla ya kufika Ngazija ulikuwa umetia mizizi Pate. Alifika Lamu akali kijana, akapokewa na jamaa zake, akasoma kwa wanazuoni wa mji huo. Angaliweza kuishi kwa raha. Nasaba yake pekee ingalimtosha kupata heshima, nyumba na mke wa ukoo, kama ilivyokuwa ada ya zama zile.

Lamu ya wakati huo ilikuwa mji wa matabaka. Waungwana walikaa Mkomani, katika majumba ya mawe, na elimu ya juu ya dini aghalabu ilikuwa milki ya koo chache. Waliosalia, yaani watumwa, wazao wa watumwa, Wabajuni, Wangazija na maskini waliotoka bara, walijua kusali na kufunga lakini hawakualikwa kuketi katika darasa za wakubwa. Utumwa ulipigwa marufuku katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Hata hivyo, sheria ile haikumpa mtumwa aliyeachwa huru mwalimu wala chakula cha mwanafunzi.

Habib Swaleh alikwenda kukaa upande wa Langoni, penye vibanda vya makuti, akawa jirani wa hao waliodharauliwa. Aliwatibu wagonjwa wao, akahudhuria harusi na maziko yao, akawasomesha. Jambo hili liliwaudhi baadhi ya wakubwa wa mji. Kwao, sharifu kuketi jamvi moja na mzao wa mtumwa na kumfunza elimu ile ile waliyofunzwa watoto wao kulikuwa kuuvuruga mji. Marehemu Abdul Hamid el-Zein, mwanaanthropolojia aliyeiandikia Lamu kitabu kilichotoka mwaka 1974, aliueleza mvutano huo kwa mapana, na ningependa wanafunzi wetu wa historia wakisome.

Sasa tuje kwenye matwari. Huko Seiwun, Hadhramaut, aliishi mwanachuoni mkubwa, Ali bin Muhammad al-Habshi, aliyefariki mwaka 1915. Huyu alitunga maulidi yaitwayo Simtud Durar, na alijenga ribati, yaani chuo cha bweni cha wanafunzi wa dini. Habib Swaleh alifungamana naye, akayaleta maulidi yale Lamu, yakasomwa kwa matwari na nai, msikitini. Zogo lilizuka. Palikuwa na masheikh walioona kwamba ngoma ndani ya nyumba ya Mungu ni uzushi, na hadi leo wapo wenye rai hiyo, wala si kazi yangu kuwahukumu.

Ninaloliona mimi kama mwalimu ni hili. Watu wa Langoni walikuwa na ngoma zao tangu zamani, na kwa ngoma hizo walidharauliwa. Habib Swaleh aliuchukua ustadi ambao mikono yao ilikwisha kuujua, akaupa mahali pa heshima. Mtoto aliyepiga twari katika safu ya Riyadha alikuwa pia amejifunza kusikiliza kisomo, kuingia kwa wakati wake, kunyamaza msomaji asomapo, kupokezana na mwenzake bila kumfunika, na kuinuka pamoja na wenziwe ufikapo wakati wa kusimama. Kwa njia ya mahadhi aliingizwa katika herufi, na kwa herufi akaingia katika elimu. Najua wapo watakaokereka nikiyaita hayo mafunzo ya muziki. Kwao ni ibada, na waite hivyo. Lakini mwalimu yeyote aliyejaribu kuwafunza watoto arobaini wimbo mmoja anajua ni kazi ya aina gani.

Nani alilipa? Hapa ndipo wasifu wengi wa Habib Swaleh hupita mbio, ilhali kwangu ndipo penye uzito. Kiwanja cha Riyadha kilikuwa wakfu. Msikiti na chuo vilisimama juu yake kati ya miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20. Mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Manufaa yake yote huenda katika kazi iliyotajwa na mtoaji. Kwa hivyo mwanafunzi aliyekuja na nguo moja mwilini alipata pa kulala, chakula na mwalimu, bila kuulizwa babaye ni nani wala ana nini. Matajiri walipokasirika hawakuweza kukiondoa kiwanja. Habib Swaleh mwenyewe alipofariki, katikati ya miaka ya 1930, darasa halikufa naye. Wanawe na wajukuu waliendelea, na wanafunzi wa Riyadha wakaenea katika pwani nzima.

Linganisheni na hali ya zama zetu. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianzishwa Unguja mwaka 2002, kikafunza taarab, kidumbaki na ngoma kwa vijana ambao wengi wao hawakuweza kulipa hata ada ndogo. Kiliwategemea wafadhili kutoka ng'ambo. Mwaka 2019 fedha zilipokauka, chuo kilitangaza kwamba huenda kikafunga milango. Sisemi wafadhili ni wabaya. Nasema ada ya mtoto wa Unguja ilikuwa imetundikwa kwenye uamuzi wa watu wa mbali, ambao wana haki kamili ya kubadili nia yao.

Huku kwetu shuleni, tamasha la muziki la Kenya lina umri mrefu, maana lilianza mwaka 1927. Kila mwaka walimu hutafuta sare, nauli na ala, na kila mwaka, palipo na umaskini, mtoto mwenye sauti nzuri huachwa nyuma kwa sababu mzazi hakuchanga. Basari husaidia karo. Sijaona basari ya twari.

Simaanishi kwamba wakfu ni dawa isiyokosea. Ziko wakfu za pwani zilizoliwa na waliowekwa kuzilinda, na nyingine zimebaki magofu kwa kukosa msimamizi. Riyadha yenyewe isingedumu bila watu waaminifu. Lakini hesabu ya Mokowe si kubwa. Kibanda kimoja cha biashara karibu na gati, kikiwekwa wakfu kwa maandishi mbele ya kadhi, na kodi yake ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo, chaweza kumlipa fundi mmoja avuke kutoka Lamu mara mbili kwa juma. Matwari kumi na nai mbili zatosha kuanzia, na madarasa ya shule huwa matupu baada ya alasiri. Wenye mashua, ambao mwezi wa Mfungo Sita huwapatia mapato mazuri kuliko miezi mingine, wangeweza kuwavusha bure watoto hao siku ya ziara, siku ambayo msafara huondoka kwa matwari kulielekea kaburi la Habib Swaleh.