Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Mzee wa Ukoo, Kadhi wa Wote

Alhamdulillah, Mola ametufikisha tena mwezi huu mtukufu na sisi tuko hai. Wangapi tulikuwa nao Ramadhan iliyopita na leo wako chini ya udongo? Allah awarehemu wote.

Kila mwaka mwezi kama huu tunasoma sira za Maswahaba, na ni vizuri. Lakini mara hii nataka nikuletee mtu wa karibu, mtu ambaye ukipanda gari hapa Mutomo, ukashuka Ikutha mpaka Kibwezi, ukashika barabara kuu ya Mombasa, jioni unafuturu katika mji aliozaliwa. Tena njia hiyo si ngeni kwa watu wa Kitui. Zamani za Kivoi, yule mfanyabiashara mkubwa aliyekufa mwaka 1851, misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka na pembe za ndovu mpaka pwani. Kwa hivyo usione habari za Mombasa ukasema hizi haziniuhusu.

Jina lake ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Pengine ulipokuwa mdogo madrasa ulishika kitabu chake, Hidayatul Atfal, ukakisoma bila kuangalia jina la aliyeandika. Sisi wengi ndivyo tulivyo, tunakula embe hatuulizi nani alipanda mwembe.

Ili umfahamu yeye, lazima kwanza uufahamu ukoo wake. Wamazrui asili yao ni Oman. Wareno walipofukuzwa katika ngome ya Mombasa mwaka 1698, Waarabu wa Oman wakaleta maliwali wao, na katika karne iliyofuata uliwali ukawa wa Wamazrui, wakatawala Mombasa karibu miaka mia kama watu wa kujitegemea. Mwisho wao ulikuja mwaka 1837. Seyyid Said bin Sultan wa Oman na Zanzibar akauteka mji, wakuu wa ukoo wakakamatwa wakapelekwa uhamishoni Bandar Abbas, na wengi wao hawakuiona tena Mombasa. Waliobaki wakatawanyika, wengine Takaungu, wengine Gasi. Halafu mwaka 1895 Mbaruk bin Rashid wa Gasi akapigana na Waingereza, mwaka uliofuata akashindwa, akakimbilia upande wa Wajerumani, Tanganyika, hakurudi.

Sasa fikiria mtoto aliyezaliwa Mombasa mwaka 1891 katika ukoo kama huo. Sifa ziko nyuma, mbele hakuna kitu. Vita vya mwisho vya jamaa zake vinapiganwa yeye hata kusoma hajaanza vizuri. Watoto wa koo zilizoanguka mara nyingi hukaa barazani wakihadithiana ukubwa wa babu zao mpaka nao wakafa. Huyu hakuwa hivyo, na sababu moja ni baba yake.

Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa. Aliacha madhehebu ya Kiibadhi ya wazee wake akafuata madhehebu ya Imamu Shafi, akawa anasomesha na kujadiliana waziwazi. Jambo hilo halikumpendeza Sultani Barghash wa Zanzibar, akamfunga jela. Alitoka Barghash alipofariki mwaka 1888. Yaani mzee huyu aliikubali jela kuliko kuficha anachoamini. Al-Amin hakupata kukaa naye sana. Sheikh Ali alifariki mwaka 1894, mtoto akiwa wa miaka mitatu tu. Yatima.

Hapa, kijana mwenzangu ambaye umelelewa na ami au mjomba, sikiliza vizuri. Aliyemchukua ni ndugu wa ukoo, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alikuja kuwa kadhi. Akamlea, akamsomesha, na baadaye akamuoza binti yake. Hakumfanya mtoto wa kutumwa dukani huku watoto wake wanasoma. Alimpa elimu yote aliyokuwa nayo, na ilipobidi atafute zaidi, Al-Amin akavuka kwenda Unguja kusoma kwa mabingwa wa zama hizo, Sheikh Abdallah Bakathir na Sayyid Ahmad bin Sumait. Wakati huo Unguja ndiyo ilikuwa chuo kikuu cha Afrika Mashariki nzima. Ukisema umesoma kwa wawili hao, basi umesoma.

Lakini kuna mwalimu mwingine ambaye hakukutana naye uso kwa uso, nalo ni gazeti. Kulikuwa na gazeti la Kiarabu likichapwa Cairo, Al-Manar, la Sayyid Rashid Rida, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh. Gazeti hilo likija na meli mpaka pwani yetu. Ndani yake wanachuoni wa Misri waliuliza swali moja linalouma: Waislamu waliokuwa mbele ya watu wote kwa elimu, wamekuwaje nyuma ya watu wote? Al-Amin alilisoma, na swali lile likamkaa kichwani. Akiangalia Mombasa yake anaona jambo lilelile. Nyumba zinauzwa, mashamba yanauzwa, pesa zinakwisha kwenye harusi na matanga, na mtoto hajui kusoma dini wala dunia. Wakati huo wamishonari wanafungua skuli kila mahali na serikali ya Mwingereza inawasaidia.

Basi akafanya jambo ambalo masheikh wa pwani hawakulizoea. Mwaka 1930 alianzisha gazeti lake mwenyewe, Sahifa. Usifikirie gazeti kama haya ya leo yenye picha za rangi. Sahifa maana yake ni karatasi, ukurasa, na lilikuwa hivyo hasa, makala fupi kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida, kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 likafuata jingine, Al-Islah, Kiarabu na Kiswahili pamoja. Hayakudumu sana yote mawili, lakini makala za Sahifa zilikusanywa zikawa kitabu, Uwongozi, ambacho ukikipata usikiache.

Kwa nini herufi za Kiarabu? Wazee wetu wa pwani kwa mamia ya miaka waliandika Kiswahili hivyo, barua, mashairi, hati za shamba. Serikali na wamishonari wakaleta herufi za Kirumi, na anayezijua hizo ndiye anaitwa amesoma. Sheikh Al-Amin aliona mzee aliyesoma maisha yake yote anageuzwa mjinga kwa siku moja. Akakaa akatengeneza alama za kuongeza, maana Kiarabu hakina p wala ch wala v wala g yetu, ili Kiswahili kisomeke bila kubahatisha. Vita hivyo, tuseme kweli, alishindwa. Leo hata mimi nakuandikia kwa herufi za Kirumi. Lakini yeye mwenyewe hakusema herufi ngeni ni haramu. Alichokataa ni mtu kudharauliwa kwa sababu ya herufi.

Na ndani ya makala hizo aliandika nini? Ndugu yangu, mengine ukiyasoma utadhani ameandika juzi, hapa hapa kwetu. Alisema juu ya matanga. Mtu amekufa, familia ina huzuni, badala ya majirani kuwapikia wao, wafiwa ndio wapikie mji mzima. Wanakopa, wanaweka shamba rehani, na mayatima ndio wanaokula hasara. Wewe wa Mutomo unajua ukame wetu. Unajua maana ya kuchinja mbuzi wa mwisho ili watu wasiseme. Basi huyo alikuwa anakutetea wewe kabla hujazaliwa.

Alikemea mambo ya makaburini, ya kumwomba maiti badala ya kumwombea. Alikemea ulevi, kamari na ngoma za mashindano zilizokuwa zikila mali za vijana. Aliwaambia watu wasidharau kazi ya mikono na biashara ndogo. Aliwaambia wasiuze ardhi. Na juu ya Wazungu alikuwa na msimamo ambao mpaka leo wengine wetu hatujaufikia. Kuna wanaowaiga katika kila kitu, suruali mpaka pombe, na kuna wanaokataa kila kitu chao, hata hesabu. Yeye alisema chukua kwao elimu, bidii na mpangilio wa kazi, uwaachie ulevi wao na mavazi yao ya kukaa uchi. Alitaka Kiarabu na dini visomeshwe ndani ya skuli za serikali, mtoto asilazimike kuchagua kimoja. Na alitaka wasichana wasome. Wakati ule kulikuwa na wazee walioamini msichana akijua kuandika ataandikia wanaume barua. Sheikh hakulikubali hilo.

Usidhani alipigiwa makofi. Mambo aliyoyakemea yalikuwa yamependwa na watu, na mengine yalikuwa yanafanywa na wanachuoni wenye elimu kubwa na heshima kubwa, pamoja na wale wa silsila ileile ya walimu wake. Kwa hivyo alikuwa anapingana na watu anaokutana nao msikitini mara tano kwa siku. Hilo ni gumu kuliko kupingana na Mwingereza, maana Mwingereza jioni anakwenda kwake. Na mabishano yale hayajaisha, hata leo kila Mfunguo Sita tunayasikia. Sikukuletea habari hizi ili uanze ugomvi wa bid'a msikitini Ramadhan hii, tafadhali. Angalia tu jinsi alivyobishana. Alibishana kwa kuandika na kutoa dalili, na aliyetaka kumjibu alikuwa na nafasi ya kumjibu.

Mwaka 1932 akafanywa Kadhi wa Mombasa, na 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya. Hapa pana jambo la kutatiza kidogo na sitalipita. Kadhi alikuwa analipwa na serikali ya kikoloni. Ukanda wa pwani ulikuwa kwa jina wa Sultani wa Zanzibar, na kwa mapatano ya 1895 Waingereza wakautawala huku makadhi wakibaki. Sasa mtu aliyekuwa anaandika juu ya watu wake kunyonywa na kuachwa nyuma anakaa ofisi ya serikali hiyo hiyo. Wengine watasema alinyamazishwa. Mimi naona hivi: ndoa, talaka na mirathi za Waislamu zilikuwa lazima ziamuliwe na mtu, na mjane aliyedhulumiwa fungu lake hawezi kungoja mpaka ukoloni uondoke. Lakini ni kweli gazeti lilikwisha, na kalamu yake ikaelekea kwenye vitabu.

Miaka hiyo ndiyo alikuwa mzee wa ukoo hasa. Akaandika kwa Kiarabu historia ya Wamazrui wa Mombasa. Kitabu hicho kilikaa karibu miaka 50 baada yake kikiwa maandishi ya mkono, mpaka kilipochapwa mwaka 1995 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Akaanza pia kazi kubwa kuliko zote, tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili pamoja na maelezo yake. Hakuwahi kuimaliza. Alifariki tarehe 1 Aprili 1947, akiwa na miaka 56. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Kazi ilibaki mezani, ila hakuwa ameisomesha peke yake nafsi yake. Mwanafunzi na jamaa yake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, akayachukua maandishi yale akayaendeleza, naye akawa Kadhi Mkuu kuanzia mwaka 1963. Mwaka 1968 akampokea Sheikh Abdallah Saleh Farsy kutoka Zanzibar, yule ambaye Qur'ani yake ya Kiswahili bila shaka iko nyumbani kwenu.

Nyumbani kwake mwenyewe aliacha kijana wa miaka 14 anayeitwa Ali. Sheikh alitaka mtoto huyu aende Al-Azhar, Misri, awe mwanachuoni wa dini kama yeye na baba yake. Haikuwa. Ali alifanya mtihani wake wa skuli akapata alama za chini, akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa. Wewe uliyeletewa matokeo mabaya ukadhani dunia imekwisha, soma tena sentensi hiyo. Siku moja alitoa hotuba ya Maulid mbele ya Gavana, Sir Philip Mitchell, na kutoka hapo mlango wa kwenda Uingereza ukafunguka. Manchester, Columbia, Oxford, kisha uprofesa Makerere, baadaye Jos kule Nijeria, mpaka Marekani. Huyo ndiye Profesa Ali Mazrui, ambaye dunia nzima ilimjua kwa filamu zake za mwaka 1986 juu ya Afrika na urithi wake wa aina tatu, wa wenyeji, wa Kiislamu na wa Kizungu. Ukiangalia vizuri, ni swali la barazani kwa baba yake, limebadilishwa lugha tu.

Profesa alifariki Marekani tarehe 12 Oktoba 2014. Alikuwa ameusia arudishwe. Akasafirishwa mpaka Mombasa, akasaliwa, akazikwa katika makaburi ya Wamazrui karibu na Ngome ya Yesu, ile ile ambayo wazee wake waliitawala na ikawatoka. Ukienda Mombasa baada ya Idd In Shaa Allah, yako upande wa Mji wa Kale. Simama, watolee salamu watu wa makaburini kama tulivyofundishwa, uwaombee dua.