Daktari wa jeshi aliyetuachia siri ya mawimbi ya angani

Umewahi kusukumwa kwenye kozi usiyoipenda kwa sababu ya karo? Basi tulia nikupe stori ya Hermann von Helmholtz.

Jamaa alizaliwa Potsdam, Ujerumani, mwaka wa 1821. Roho yake ilikuwa kwenye fizikia, lakini babake alikuwa mwalimu na mshahara haungetosha. Cha bure kilikuwa udaktari wa jeshi: unasomeshwa Berlin, kisha unalipa deni kwa miaka 8 ya kutibu wanajeshi. Akakubali.

Lakini fizikia hakuiacha. Kule kambini alijitengenezea maabara ndogo. Mwaka wa 1847, akiwa na miaka 25, aliandika kwamba nishati haipotei, hubadilika umbo tu. Jarida kubwa la fizikia likamkatalia. Akachapisha kijitabu. Leo wewe unafundishwa kanuni hiyo shuleni!

Mwaka uliofuata jeshi lilimwachilia mapema. Udaktari nao haukuenda bure, maana mwaka wa 1851 alitangaza kifaa cha kutazama ndani ya jicho la mtu aliye hai.

Halafu, 1868, akaandika kuhusu vitu viwili vinavyotiririka vikipitana kwa kasi tofauti. Fikiria upepo juu ya ziwa. Pale vinapogusana hapatulii: kiwimbi kidogo kinakua, kinajikunja, kinakuwa kizunguzungu. Miaka 3 baadaye, Lord Kelvin wa Uingereza akaipigia hesabu. Ndiyo maana jambo hili linabeba majina yao wawili.

Helmholtz alifariki 1894, kabla hata ya kurushwa setilaiti moja. Hakujua kwamba sumaku ya Dunia hutuzungushia ngao, na kwamba upepo wa jua, chembe zenye umeme, huipita kwa kasi ya kilomita 400 hivi kwa sekunde. Mwaka wa 2001, setilaiti 4 za Ulaya ziitwazo Cluster zilipita ukingoni mwa ngao hiyo. Zilikuta nini? Mawimbi yaleyale yaliyojikunja, mengine yenye upana wa hadi kilomita 40,000, zaidi ya Dunia 3 zikipangwa kando kando. Kupitia humo, chembe za jua hupenyeza ndani hata ngao ikionekana imefungwa.

Mimi chuo sikumaliza, kwa hivyo sikuhubirii. Ila kama uko kwenye kozi iliyolipiwa badala ya ile uliyoitaka, tafuta kona yako ndogo kambini.